Subira Aliyechoka Kusubiri

Msomaji wangu, ikiwa umewahi kupanda basi la kutoka Malindi kwenda Lamu, basi Garsen unaijua. Mimi hushukia hapo kwa dada yangu. Safari iliyopita, tulipokwisha kula wali kwa samaki, mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniomba tutazame filamu kwenye simu yake. "Mjomba, hii ni ya hapo Lamu tu," akaniambia.

Filamu yenyewe ni Subira, ya mwaka wa 2018, iliyoongozwa na Ravneet Chadha, ambaye wengi humwita Sippy. Si kazi ya makampuni makubwa ya ng'ambo yenye fedha za kuchezea. Ilianza kama filamu fupi mwaka wa 2007, ikakaa miaka zaidi ya kumi kabla ya kukua. Hatimaye, mwaka wa 2019, Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Brenda Wairimu ndiye anayeigiza Subira.

Naye anataka nini huyu Subira? Anataka kuogelea. Basi! Ni binti wa Kiislamu aliyezaliwa kisiwani, bahari iko mlangoni pake, lakini ameambiwa mwanamke mwenye heshima hajitosi majini. Kisha anatafutiwa mume, atulie. Jina alilopewa ndilo dawa aliyoandikiwa.

Dada yangu alikuwa kando akichambua mchele, sikio lote kwetu. Hatukufika nusu.

"Haya ndiyo unayomfundisha mtoto? Dini haitaki."

Nikamuuliza ni wapi dini ilipokataza kuogelea. Akachambua mchele, akachambua. Mwishowe akasema, "Na watu watasemaje?" Akainuka, akaenda zake jikoni.

Hapo ndipo nilipoielewa filamu, msomaji. Usinidhanie vibaya: stara ni stara, na mimi si wa kuwaambia mabinti wa watu wavue mabuibui. Lakini ni mara ngapi tunamsingizia Mungu hofu yetu ya majirani? Wala si Waislamu peke yao. Nenda Ngao, si mbali na Garsen, ambako wamishonari Wajerumani walifika katika karne ya 19, uwaulize mabinti wa kanisa. Maneno ni yale yale, kinachobadilika ni kitabu kinachoinuliwa.

Asubuhi yake mfereji ulikuwa mkavu. Mpwa wangu akapewa mtungi wa lita 20 na kutumwa Mto Tana. Huo ni mto wa kilomita 1,000 hivi, na una mamba. Kila mtu wa huko anamjua mtu aliyepotezwa nao. Msichana akaingia hadi magotini, akateka, akajitwika. Hakuna aliyesema dini haitaki. Maji hayana neno, kumbe, mradi binti ayaingie kwa kazi. Akiyaingia kwa raha ndipo yanapogeuka dhambi.

Nilitaka kumwambia dada hivyo, ulimi ukawa mzito. Nilikumbuka tukiwa wadogo, mimi na wenzangu tukipiga mbizi mto huo huo, yeye ameketi ukingoni akitulindia nguo. Siku moja aliingiza miguu, akacheka, akazidi kusogea. Mimi ndiye niliyempigia kelele: "Toka! Nitakusema kwa baba!" Alitoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sikujua aya hata moja kuhusu jambo hilo. Nilijua tu kwamba mto ulikuwa wetu wavulana.

Usiku wa mwisho, nikifunga mkoba, dada alisimama mlangoni.

"Yule Subira, mwishowe aliingia baharini?"

Nikamwambia sisemi, atazame mwenyewe. Alisonya, akaondoka. Baadaye kidogo nikamsikia akigonga mlango wa bintiye, akiuliza kwa sauti ya chini kama simu ina chaji.