Kenya Isilipe Mrabaha Isiodaiwa

Bonasi ya chai ikitoka mwezi wa Oktoba, maduka ya simu mjini Keroka hujaa watu. Mkulima anayepeleka majani kiwanda cha Kiamokama au cha Nyansiongo huja na hesabu yake kichwani: karo, mbolea, kisha simu ya kijana anayejiunga na chuo. Atapima bei ya Tecno, Infinix, itel, Samsung na Oppo. Atabonyeza *#06# kuhakikisha kwamba nambari ya IMEI inalingana na iliyobandikwa kwenye boksi, halafu atalipa kwa M-Pesa. Risiti itamwonyesha bei. Haitamwonyesha kwamba ndani ya bei hiyo mna mrabaha wa hataza unaokwenda kwa kampuni chache za Marekani, China, Finland na Uswidi.

Mrabaha huo unamhusu yeye, na serikali yake haijausemea vya kutosha.

Hakuna simu ya 4G au 5G inayoweza kushika mtandao bila kutumia uvumbuzi wa kampuni hizo. Viwango vya mawasiliano vinapopangwa, wenye hataza huahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki na yasiyobagua. Lakini kiasi cha haki hiyo huamuliwa katika mazungumzo ya siri, au mahakamani mazungumzo yakivunjika. Julai 2023 Huawei ilitangaza kwamba haitatoza zaidi ya dola 1.50 kwa simu ya 4G na dola 2.50 kwa simu ya 5G. Nokia ilitangaza hadi euro 3 kwa simu ya 5G, na Ericsson kati ya dola 2.50 na 5. Qualcomm ya Marekani hutoza asilimia ya bei ya kiwandani, hadi 3.25.

Jumlisha viwango hivyo vya Huawei, Nokia na Ericsson kwa simu moja ya 5G. Utakuwa umepita shilingi 1,000 kabla hujafika kwa Qualcomm. Kampuni kubwa zenye hataza zao hupatana na kupunguziana. Asiye na hataza ya kubadilishana hana cha kuweka mezani. Kisha simu ikifika bandarini, serikali yetu huongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 uliowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022, na VAT ya asilimia 16. Kodi hizo zinapigwa juu ya bei ambayo tayari ina mrabaha ndani yake. Mkulima wetu analipia hataza, kisha anatozwa kodi kwa kuilipia.

Watu wa Keroka wanajua maumivu ya kukaa katikati ya wakubwa wanaogombania ada. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita mjini mwao, na tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013 kaunti hizo mbili zimevutana kuhusu nani akusanye ushuru wa soko na wa steji. Mama anayeuza ndizi ndiye anayeumia, kwa sababu ugomvi si wake lakini pesa ni zake.

Ugomvi wa mataifa makubwa una madhara ya aina hiyo. Nokia iliposhinda kesi za hataza dhidi ya Oppo nchini Ujerumani mwaka wa 2022, Oppo iliacha kuuza simu katika soko hilo, na maelewano hayakupatikana hadi Januari 2024. Julai 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion katika Mahakama Kuu ya Delhi. Transsion ya Shenzhen ndiyo inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, simu zinazoongoza kwa mauzo barani Afrika. Kesi ilikuwa India, kati ya Mmarekani na Mchina, lakini soko lililo rohoni mwa Transsion ni hili letu.

Wapo wanaotaka Kenya ichague upande mmoja na kuuegemea. Tunapinga. Marekani iliiweka Huawei katika orodha ya vikwazo vya biashara Mei 2019. Hata hivyo, Huawei ilipoishtaki kampuni ya Marekani ya Verizon kuhusu hataza mwaka wa 2020, kesi hiyo ilimalizwa kwa maelewano mwaka uliofuata. Uingereza iliamua Julai 2020 kung'oa vifaa vya Huawei katika mitandao yake ya 5G kufikia mwisho wa 2027, lakini uvumbuzi wa Huawei ungali ndani ya simu zinazotumika London. Unaweza kufukuza mitambo ya kampuni, lakini hataza zake zitabaki. Safaricom ilifanya busara ilipoanza majaribio ya 5G Machi 2021 kwa mitambo ya Nokia na ya Huawei pamoja. Mnunuzi mwenye wauzaji wawili hujadiliana akiwa amesimama imara.

Lakini busara ya kununua mitambo haitoshi. Kuna jambo la kisheria ambalo Nairobi inapaswa kulishika kwa mikono miwili: hataza ina nguvu katika nchi ilikosajiliwa tu. Uvumbuzi uliosajiliwa Beijing, Munich au Washington, lakini haukusajiliwa na taasisi yetu ya mali ya viwanda, KIPI, wala kupitia shirika la kikanda la Afrika, ARIPO, kwa kuitaja Kenya, haumpi mwenyewe haki ya kumdai mtu anayeutumia hapa. Simu iliyotengenezwa Shenzhen hulipiwa mrabaha kwa sheria za huko. Simu iliyounganishwa Kenya na kuuzwa Kenya ni hesabu nyingine.

Kiwanda tunacho. Oktoba 2023 Rais Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River, ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya Shenzhen. Simu zake mbili za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Sasa tunauliza: katika bei hizo, ni shilingi ngapi za mrabaha? Ni za hataza zipi? Ngapi kati yake zimesajiliwa Kenya? Mwananchi anastahili majibu.

Tunaitaka KIPI ichapishe orodha ya hataza za 4G na 5G zenye nguvu nchini, kwa lugha ambayo mwenye duka na mwenye kiwanda wataielewa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inaipa taasisi hiyo mamlaka juu ya mikataba ya leseni na masharti yanayomkandamiza anayepewa leseni. Mamlaka hayo yatumike. Tunaitaka Wizara ya Fedha iache kuutoza kodi mrabaha, angalau kwa simu za bei ya chini. Na tunaitaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ijadiliane na wenye hataza kwa sauti moja. Kenya peke yake ni soko dogo mbele ya Qualcomm au Huawei, lakini jumuiya nzima haipuuzwi.

La mwisho ni la muda mrefu na ndilo zito zaidi. M-Pesa ilianza hapa Machi 2007, ikakuzwa na mawakala wa Kenya na kuaminiwa na Wakenya kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini mwenye jina na haki zake alikuwa Vodafone ya Uingereza, na ilikuwa Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom zilipokamilisha kuzinunua. Miaka 13 tulikodi kitu ambacho dunia nzima ilikiita chetu. Kosa hilo lisirudiwe na wanafunzi wanaobuni vitu leo katika Chuo Kikuu cha Kisii na vyuo vya ufundi vya Gusii. Bunge litenge fedha za kuwalipia ada za kusajili hataza, nyumbani kwanza, kisha kwenye masoko makubwa.

Mataifa makubwa yataendelea kushindana, na hatuna uwezo wa kuyazuia. Tuna uwezo wa kusoma mikataba, kukagua daftari la hataza na kukataa kulipa tusichodaiwa. Kazi hiyo ni ya KIPI, Wizara ya Fedha na Bunge, na ianze kabla ya bajeti ijayo kusomwa.