Usiipime Imani ya Mgonjwa wa Kiharusi



Himdi zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake. Ama baad.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo halisemwi sana kwenye mimbari. Mtu kapata kiharusi, kalazwa, karudi nyumbani. Mkono mmoja haufanyi kazi, mdomo umepinda kidogo. Wiki za mwanzo watu wanajaa, dua zinasomwa, uji unaletwa. Baada ya miezi miwili watu wamepungua, na ndipo mgonjwa mwenyewe anapobadilika. Chakula hataki. Usiku halali. Mazoezi ya mkono ameyaacha. Akiambiwa adhana imetoka, anageukia ukutani. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema imani yake imetetereka. Yule anasema hajaridhia qadari ya Allah. Wa tatu anasema kaingiliwa na jini, atafutwe mganga.

Nasema wazi: huu ni udhalimu. Tunauhukumu moyo wa mtu na hali ugonjwa bado unafanya kazi ndani ya damu yake.

Sikiliza vizuri. Kiharusi ni damu kushindwa kufika sehemu ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani. Sehemu ile ikifa, askari wa mwili, yaani kinga, huamka kama vile kumeingia adui. Chembe nyeupe za damu hukimbilia pale. Ini nalo huongeza protini ambayo madaktari huiita CRP, na kemikali za kupashana habari za kinga, kama ile iitwayo intaleukini-6, hupanda katika damu. Askari hawa wana kazi njema ya kusafisha kilichokufa. Lakini wakikaa sana, au wakizidi, kelele zao hufika hadi sehemu za ubongo zinazosimamia usingizi, hamu ya chakula na furaha.

Unataka mfano? Kumbuka siku uliyoshikwa na malaria. Hukutaka kula, hukutaka mtu akusemeshe, hata mtoto wako akicheka ulikereka. Je, kuna aliyekuambia imani yako imepungua? Walijua ni homa. Hali ile ya kujikunyata huletwa kwa sehemu kubwa na kemikali hizo hizo za kinga.

Watafiti katika nchi mbalimbali wamepima damu za wagonjwa wa kiharusi siku za mwanzo, kisha wakawafuatilia kwa miezi. Tafiti kadhaa zimekuta kwamba waliokuwa na viwango vya juu vya viashiria hivi ndio walioelekea zaidi kupata sonona baadaye. Sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, si huzuni ya kawaida. Si tafiti zote zimekubaliana, na uaminifu unatutaka tuliseme hilo. Lakini upo ushahidi mwingine unaotoka upande tofauti kabisa. Zamani wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakichomwa sindano za intaferoni, ambayo ni kemikali ya kinga. Wengi miongoni mwao waliingia katika sonona ndani ya wiki au miezi michache, na kabla ya sindano hawakuwa nayo. Imani zao zilibadilishwa na sindano? La hasha.

Mtume (s.a.w.) alitufananisha waumini na mwili mmoja, kwamba kiungo kimoja kikiugua mwili mzima hukesha na kupata homa. Sitaki mtu aichukue hadithi hii aseme ilitabiri vipimo vya maabara. Mtindo huo wa kuvuta kila ugunduzi kwenye hadithi siupendi. Maana yake ni undugu. Lakini mfano wenyewe umesimama juu ya jambo ambalo Waarabu wa jangwani walilijua kwa macho yao: kiungo hakiugui peke yake.

Na kama unadhani huzuni ni dalili ya imani mbovu, rudi Surat Yusuf. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Ni Nabii wa Allah, na subira yake Qur'ani inaisifu.

Sisemi kwamba yote ni kinga ya mwili. Mtu aliyekuwa akilisha nyumba leo analishwa kijiko. Aliyekuwa akisoma juzuu leo ulimi hautoki. Hayo yanaumiza nafsi hata damu ikiwa safi. Aliyewahi kuugua sonona kabla, na asiye na watu wa karibu, wako katika hatari zaidi. Inakadiriwa kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 wanaopata kiharusi hupata sonona wakati fulani baada yake. Na kwetu Tanzania kiharusi si kigeni: uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba Dar es Salaam kiwango chake kilikuwa cha juu kuliko hata nchi nyingi tajiri. Kwa hiyo hesabu safu za msikiti wako, kisha hesabu nyumba.

Sasa usikimbilie maabara kudai kipimo cha damu cha sonona. Hakipo bado. CRP hupanda pia mgonjwa akiwa na maambukizi ya mkojo, kifua au kidonda cha mgongoni, na haya huwapata sana waliolala kitandani. Ndiyo maana mgonjwa akizimika ghafla, leo mzungumzaji kesho kimya, mpeleke hospitali wakamwangalie kwanza.

Linalonisikitisha zaidi ni swala. Wagonjwa wengi ninaowatembelea hawakuiacha kwa kuichukia. Wanaona haya. Mkojo unatoka bila wao kujua, udhu hauwezekani kwa mkono mmoja, na hakuna aliyewaambia kwamba dini imewafungulia mlango. Aswali ameketi, akishindwa, alale ubavu, akishindwa, aashirie. Asiyezuia mkojo ajisafishe, avae kinga, atawadhe baada ya wakati kuingia na aswali hata kama kitatoka kitu katikati. Maji yakimdhuru, atayammamu, na mkewe au mwanawe amsaidie mkono. Kuhusu kukusanya swala mbili kwa ugonjwa, wapo wanazuoni walioruhusu. Muulize sheikh wako. Mkiyafanya haya, mtu anayegeukia ukutani mmemwondolea mzigo mmoja mkubwa.

Ruqya? Msomeeni, ni sunna na ni faraja. Lakini anayekuambia uache dawa za presha kwa sababu ya ruqya, mtoe nyumbani kwako. Dawa hizo ndizo zinazosaidia kuzuia kiharusi cha pili.

Dawa za sonona nazo zipo, ila si za kununua dukani kwa kukisia. Uingereza waliwapa wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 3,000 ama dawa iitwayo fluoksetini ama kidonge kitupu kwa miezi 6, na matokeo yakatoka 2018. Waliopata sonona mpya walikuwa kama 13 katika 100 kwa waliopewa dawa, na 17 kwa wengine. Lakini waliovunjika mifupa walikuwa wengi zaidi upande wa dawa, na viungo havikupata nguvu zaidi. Faida ipo na madhara yapo, basi daktari ndiye apime.

Kazi yako wewe mwana, mke au jirani ni kuuliza maswali mawili. Wiki hizi mbili, je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Je, vitu ulivyovipenda bado vina ladha? Asiyeweza kusema atikise kichwa, na muulize pia anayelala naye chumbani. Jibu likikutia shaka, litaje kliniki siku ya presha, usingoje aulizwe. Na akisema anatamani kufa, usianze na fatwa. Keti naye, ondoa dawa zilizorundikana karibu yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye swali la udhu wa mgonjwa aliandike hapa chini, nitajibu baada ya Isha in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.