Duka Si Kioo cha Simu

Siku hizi umezuka ufundi mpya wa kuwahadaa vijana. Husimama mtu jukwaani, suti imemkaa vizuri, akawaambia wahitimu wasio na ajira kwamba mtaji wa biashara ni simu tu: piga picha bidhaa, iweke mtandaoni, lipia tangazo, kisha kaa usubiri fedha. Wazazi huuza mbuzi ili kulipia semina hiyo. Nimeongoza chuo cha ualimu, najua somo likoje, nami nasema bila kumung'unya maneno: hilo si somo, ni ulaghai.

Ndugu msomaji, tuwatazame hao wanaotolewa mfano. Jeff Bezos alianzisha Amazon nchini Marekani mwaka 1994, akafungua duka lake la mtandaoni Julai 1995. Hakuanza na kila kitu. Alianza na vitabu. Kwa nini vitabu? Kwa sababu kitabu hakiozi, hakijaribiwi mguuni kama kiatu, na nakala moja ni sawa na nyingine. Mnunuzi alijua ataletewa nini kabla hajakiona. Hata hivyo, kampuni hiyo haikupata faida ya mwaka mzima hadi 2003. Je, mwenye semina huyasema hayo?

Tena, kumuuzia mtu asiyekuona hakukuanza na kompyuta. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Sears ya Chicago iliwauzia wakulima kwa kitabu cha picha na bei, ikaahidi kumrudishia fedha asiyeridhika. Mwaka 1913 Posta ya Marekani ilipoanza huduma ya vifurushi, biashara hiyo ikashamiri. Ahadi inayotimizwa na njia ya kufikisha mzigo: hizo ndizo nguzo. Kompyuta imekuja kukaa juu yake, haikuziondoa.

Nguzo ya tatu ni hesabu. Webvan ya California ilijenga maghala makubwa ya vyakula kabla ya kupata wateja wa kutosha; Julai 2001 ikafilisika. Kwetu, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019 na kuelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Copia ya Kenya iliwafikia watu wa vijijini kupitia mawakala wa huko huko, jambo la busara, lakini Mei 2024 iliishiwa fedha ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Kampuni hizo hazikukosa tovuti.

Chukua shati moja. Umelinunua kwa shilingi 12,000, unaliuza 15,000. Bodaboda anadai 4,000 kulifikisha. Tayari umepoteza 1,000, na tangazo hujalilipia. Mteja akilikataa mlangoni, kulirudisha ni nauli nyingine. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, lakini nani anawafanyisha vijana wetu zoezi hili? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Watasema mzee huyu anaogopa mambo mapya. La hasha! M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, ilituondolea adha ya kutuma fedha kwa kondakta wa basi. Nami naitumia. Lakini fedha hupita hewani, shati halipiti. Wala simu haimfanyi mwongo kuwa mkweli. Anayeonyesha picha ya kiatu cha ngozi kisha akaleta cha plastiki amemuuzia mteja huyo mara moja tu, na mtaa mzima utapata habari kabla ya jioni.

Kwa hiyo kijana na aanze na bidhaa moja anayoijua vizuri, na eneo analoweza kulifikia kwa nauli isiyomeza faida. Aonyeshe picha ya kitu kile kile atakachopeleka. Kikiwa na kasoro, arudishe fedha bila ubishi. Kila jioni aandike daftari. Vyuo vyetu vifundishe hayo, maana ndiyo yanayofanikisha duka, liwe la mtandaoni au la kona ya mtaa.

Na mwenye semina, kabla hajapokea kiingilio cha mtoto wa mkulima, afungue daftari lake mwenyewe mbele ya hadhara, tuone yeye aliuza nini zaidi ya semina.