Baridi yabisi na kidonge cha Ijumaa

Wiki hii tumepokea barua kutoka Mkumbara, wilayani Korogwe. Aliyeandika ni binti anayemuuguza mama mkwe wake, ambaye vidole vyake huvimba na kukakamaa tangu alfajiri hadi jua linapopanda, hata kushika kata ya udhu ni mtihani. Hospitali wamempa vidonge vya methotreksati, ameze mara moja tu kwa wiki. Jirani akasoma kikaratasi cha ndani ya boksi, akatangaza kuwa hiyo ni dawa ya saratani. Mama amevificha mvunguni na kurudia prednisoloni anazonunuliwa dukani. Binti anatuuliza: nani mkweli?

Jirani hakusema uongo. Dawa hii ilianza kwa kutibu saratani, tena kwa vipimo vikubwa. Lakini baridi yabisi ya namna hii haitokani na upepo wa Usambara wala umri. Ni kinga ya mwili iliyogeuka ikashambulia viungo vyake yenyewe, na kipimo kidogo cha wiki huituliza. Mwaka 1985, Weinblatt na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 35, uliochukua wiki 24. Kila mmoja alipewa dawa kwa kipindi fulani na kidonge kitupu kwa kipindi kingine, bila yeye wala daktari kujua kipi ni kipi. Walipokuwa kwenye dawa, maumivu na uvimbe vilipungua.

Wazazi wa Korogwe wanaielewa kazi ya namna hii. Wilaya yao ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria, RTS,S, ulioanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459 katika nchi 7. Nao pia hawakuambiwa mtoto yupi kapata chanjo ipi.

Hata hivyo, wagonjwa 35 hawatoshi kufichua madhara yote. Tazama tofasitinibu, dawa mpya zaidi ya ugonjwa huu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa sharti kwamba usalama wake uendelee kuchunguzwa. Wagonjwa 4,362 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliokuwa tayari na jambo la kuhatarisha moyo, walifuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha maradhi ya moyo na saratani zaidi kuliko kwa waliotumia sindano za kulinganishia. Methotreksati imekwisha kupita miaka mingi ya kuangaliwa hivyo, na hatari zake zinajulikana kwa majina: ini, mapafu, vidonda vya mdomoni, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara na kupewa asidi ya foliki, ile wanayoijua wajawazito kliniki.

Linalotutia hofu sisi ni jingine: kuimeza kila siku kwa kusahau. Kosa hilo limeua watu. Binti yetu, mchagulieni mama siku moja isiyopotea, mathalani Ijumaa, na anayemkabidhi kidonge awe mtu mmoja. Akiugua kikohozi, asipewe Septrin ya dukani, kwani zikikutana na methotreksati huweza kuuangusha uboho. Mwanamke anayetarajia kushika mimba haifai kabisa kuitumia. Amwambie daktari mapema, bila haya.

Prednisoloni nazo zisikatwe ghafla. Mwili uliozizoea huacha kutengeneza homoni yake, na kuzikata siku moja huweza kumlaza mtu hoi. Daktari ndiye azipunguze kidogo kidogo.

Na zile za mvunguni mama asizianze upya kwa uamuzi wake. Mwendeni naye kliniki, mkibeba boksi hilo pamoja na kila kidonge cha dukani kilichomo nyumbani, vyote katika mfuko mmoja.