Upungufu Unaotibu Upungufu

Nzi wa matunda jike ana nakala mbili za jeni iitwayo Notch. Moja ikipotea anaishi, lakini kingo za mbawa zake huota na mapengo. Dume amejaliwa nakala moja tu. Akiikosa, hafiki hata kuwa buu. Nakala iliyobaki kwa jike haina kasoro yoyote. Ni nzima, ila dozi yake haitoshi.

Sasa mpunguzie jike huyo nakala moja ya jeni nyingine, Hairless. Ungedhani hali itazidi kuwa mbaya, kumbe mbawa zinakaribia kuwa kamili! Kazi ya Notch ni kuwasha jeni fulani, na Hairless huzizima hizohizo. Zote mbili zikipungua, mizani inarudi. Alfred Sturtevant alieleza badiliko la namna hii, linalofuta madhara ya badiliko jingine, mwaka 1920, na tangu hapo watafiti wamelitumia kujua jeni zipi zinashirikiana na zipi zinapingana.

Haya si mambo ya nzi peke yake. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa wa damu wa selimundu kila mwaka. Tiba yake iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, hairekebishi jeni ya selimundu hata kidogo. Inadhoofisha jeni nyingine, BCL11A, ndani ya seli mama za damu. Jeni hiyo ndiyo inayofunga hemoglobini ya mtoto aliye tumboni baada ya mtu kuzaliwa; ikilegea, hemoglobini hiyo inarudi na chembe za damu haziharibiki ovyo. BCL11A haikugunduliwa kwa nzi, lakini mantiki ni ileile: ubovu uko hapa, dawa iko kule.

Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuona badiliko moja la nzi likifuta jingine kwa macho yake. Nzi hula unga wa mahindi, sukari na hamira, na kizazi kipya hupatikana kwa siku kumi hivi. Huko Ishaka, Uganda, mradi wa DrosAfrica umekwisha kuwafundisha watafiti wa Kiafrika kufanya utafiti kwa nzi hawa. Kusubiri mashine za mamilioni ndipo jenetiki ifundishwe kwa vitendo ni kuwapotezea vijana muda. Wakuu wa idara za biolojia, tengeni chumba kimoja, chupa na darubini, muanze muhula ujao.