Dawa ikae pale mama anapojifungulia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 1962 Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa Japani, walitangaza asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Utako alitamani ijaribiwe kwa wanawake wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Madaktari wa uzazi mjini Kobe hawakukubali. Jaribio lililompa haki yake, la wanawake 20,060 katika nchi 21, lilichapishwa 2017, mwaka mmoja baada ya kifo chake: kwa waliopewa dawa ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu vilipungua kwa karibu theluthi moja.

Miaka 55! Na kwa sehemu kubwa ya muda huo dawa ilikuwa ikitumika kutibu hedhi nzito.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya E-MOTIVE, jaribio la hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kifaa chake kikuu ni shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za vipimo. Mkunga husoma kiasi cha damu badala ya kukikisia kwa macho. Akishaona hatari hangoji: anakanda tumbo la uzazi, anatoa dawa ya kulikaza na traneksamiki, anatundika dripu, anatafuta chanzo, yote kwa mkupuo. Kuvuja damu kupindukia, upasuaji wa kuizuia na vifo, kwa ujumla wake, vilipungua kwa asilimia 60. Kwa utaratibu wa zamani, karibu nusu ya waliovuja damu hawakugunduliwa.

Lakini jaribio hilo lilifanyika hospitalini, na wapo wanaojifungulia zahanati. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya traneksamiki kwa takriban asilimia 10. Zikipita saa tatu, haifai kitu. Dawa inayomsubiri mama mwisho wa safari ya rufaa huenda ikampata muda wake umekwisha.

Zahanati za serikali ziko chini ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, hilo linaeleweka. Miongozo ya matibabu na Bohari ya Dawa, hata hivyo, viko kwenu. Ombi ni kwamba shuka na dawa hizo visambazwe pamoja hadi zahanati, wakunga wafundishwe hukohuko kazini, na kila robo mwaka Wizara itangaze, halmashauri kwa halmashauri, ni vituo vingapi vya kujifungulia vilikaa bila kimojawapo, na kwa siku ngapi.