Ngano Tumeacha, Mwili Bado

Tuliambiwa neno moja tu: acheni ngano. Tukaacha. Chapati, maandazi, sambusa, tambi za futari, vyote tukavipa kisogo. Sisi wenye siliaki, ambao utumbo wetu hauivumilii gluteni ya ngano, shayiri na rai, tunajua hatuna tiba nyingine, na hilo hatulilalamikii. Tunalalamika kwamba hakuna aliyetuambia mwili utafanya nini baada ya hapo.

Wengine tulinenepa mpaka sketi zikakataa kufunga. Majirani wakatupongeza, sisi tukaingiwa na hofu. Kumbe utumbo uliokuwa ukipitisha chakula tu sasa umeanza kukifyonza. Wengine choo kikagoma siku nne, kwa kuwa sahani imebaki wali mweupe na viazi. Maziwa tuliyoyanywa tangu utotoni yakaanza kutujaza gesi: sehemu ya utumbo inayoyameng'enya ndiyo iliyoharibika, na hairudi kwa wiki moja. Na uchovu jamani! Unaamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Madini ya chuma na vitamini D vilitupungukia mwilini kabla hatujajua tunaumwa nini. Kwa mtu mzima, utumbo unaweza kuchukua miaka 2 au zaidi kupona. Vipele vya kuwasha viwikoni na magotini navyo huweza kuendelea kwa miezi mingi. Mbona haya hatukuyasikia siku ile ya kwanza?

Tukirudi hospitali kusema bado tunaumwa, tunaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Au za minyoo. Au tunaambiwa, "Punguza mawazo, dada." Mwenzetu mmoja aliomba arudiwe kipimo cha damu cha kingamwili, ambacho husaidia kuonyesha kama gluteni bado inaingia. Akaulizwa kwa nini anataka kupoteza hela.

Na inaingia, tena kupitia ugali. Nenda mashineni uone. Mama aliyekutangulia amesaga unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, na ngano humo humo. Anaondoka na ndoo yake, lakini vumbi limeganda kwenye kile kitambaa unga unapotokea. Kijana anakipiga kofi mara mbili, anamimina mahindi yako. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Kofi mbili hazitufikishi huko. Muhogo wa kukaanga nao unazama kwenye karai lilelile la maandazi, kisha tunaulizwa tumekula nini jana.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. "Onja kidogo tu, shemeji, hakiui." Ukikataa, unaringa. Ukionja, siku tatu zinazofuata uko chooni, na aliyekubembeleza hayupo.

Tunataka tuambiwe mapema kwamba kupona ni safari ya miezi na miaka. Tunataka damu ipimwe chuma na vitamini, na tukisema bado tunaumwa, tuaminiwe. Mashineni tumeshajitafutia njia: tunadamka saa kumi na moja, tunamwomba kijana akikung'ute kile kitambaa vizuri, na kilo 2 za kwanza tunasagisha za kusafishia mashine. Tunazilipia, kisha tunawamwagia kuku.